Mrejesho: helmeti na joto la kaskazi

Niliuliza: natoka Bamburi hadi mjini Mombasa kwa baiskeli, na jua hili la kaskazi, msimu wa joto huku pwani, helmeti niivae au niiache nyumbani? Basi nimeivaa wiki tatu. Ile ya zamani, iliyozibwa kama sufuria, nimeiweka kando. Nimepata yenye matundu mengi, na juu ya Daraja la Nyali upepo wa bahari unafika mpaka utosini. Taabu ni kusimama. Foleni ya Kongowea saa saba mchana, jasho linachuruzika machoni, chumvi inawasha! Sasa nafunga kitambaa chembamba cha pamba chini yake, nikifika nakisuuza. Ukanda wa kidevuni unanuka, sikatai. Juzi tuktuk iliniingilia ghafla, nikaanguka ubavu; kichwa hakikugusa lami. Naendelea kuivaa, ila safari nimezihamishia asubuhi mapema.