Upepo umeng'oa paa: nirudishe bati la zamani, ninunue bati la msauzi geji 28 au niende kwenye vigae?

MkaziKilindoni
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu. Niko Mafia, si mbali na ufukwe. Tangu kimbunga Hidaya kipite huku mwanzoni mwa Mei 2024 nimekuwa nikipachika viraka. Sasa upepo wa mvua za safari hii umeondoka na mabati yote ya ncha ya kusi pamoja na kofia (bati la kufunika kileleni). Paa ni la pande mbili, mgongo wake unalala kusi-kaskazini, kenchi (fremu za mbao za paa) bado ziko wima. Nataka kupaua mwenyewe, shemeji yangu ni seremala, atanisaidia. Naombeni ulinganisho: ninyooshe mabati ya zamani ya geji 32 (kipimo cha unene) niyarudishe, ninunue msauzi geji 28, au nijikaze niweke vigae vya saruji?

FundiWaKusini
Marahaba. Kabla ya kwenda dukani, panda uangalie ni nini kilichoachia. Ukikuta misumari imebaki kwenye papi (mbao zinazolaliwa na bati) na vipande vya bati vimenasa chini ya vichwa vyake, bati lilikuwa jembamba. Ukikuta matundu matupu, msumari ulikuwa mfupi au mbao imeoza. Na ikiwa papi yenyewe imeondoka na bati, ugonjwa uko pale papi inapokutana na kenchi, hapo hata geji 26 haitakusaidia. Nimeona watu wananunua bati zito wanalipigilia kwenye papi ileile iliyoshindwa.

Upepo ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye kingo, kwenye ncha za paa na kwenye kofia. Ndiyo maana kwako imeanzia nchani. Dirisha likifunguka upande wa upepo, basi unalisukuma na kwa ndani pia.

MkaziKilindoni
Nimepanda. Sehemu kubwa ni matundu matupu. Papi mbili za mwisho zimetoka kabisa.

BintiPwani
Pole sana kaka. Bati la zamani usilirudishe juu ya nyumba. Likishakunjwa, ile rangi na zinki zinapasuka kwenye mkunjo, na hewa ya chumvi inamalizia. Halafu lina matundu ya zamani ambayo hayaangukii kwenye papi mpya. Liezekee banda la kuku.

Kwa ufukweni tafuta bati lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, linavumilia chumvi kuliko la zinki tupu. Kukata tumia mkasi wa bati. Grainda inaunguza upako, na cheche zake zikitua juu ya bati zinaacha madoa ya kutu. Na neno geji lisikutoshe: namba ikipanda bati linapungua unene, lakini geji 28 ya duka hili si lazima ilingane na ya duka lile. Sema milimita, na lipimwe mbele yako.

MzeeWaTanga
Mimi nawatetea vigae. Nyumba yangu ina vya saruji, ndani kuna ubaridi, mvua ikinyesha tunasikilizana. Vinadumu.

FundiWaKusini
Mzee wangu, kwa heshima yako, nyumba yako ilijengwa kwa vigae tangu mwanzo. Mita moja ya mraba ya vigae vya saruji ina kilo 40 na zaidi. Bati la geji 28 halifiki kilo 5. Kenchi iliyokatwa kwa ajili ya bati ukiitwisha mzigo huo itapinda, labda si mwaka huu. Tena uzito peke yake hauzuii upepo: vigae vya ukingoni na vya kofia visipofungwa navyo vinaruka, na kigae kinachoruka kinaua.

MzeeWaTanga
Hapo kwenye kenchi sina ubishi. Akitaka vigae abadilishe mbao zote.

Kilwa_Masoko
Hakuna aliyetaja makuti. Yana ubaridi na yanapatikana hapohapo kisiwani, ila baada ya miaka michache unaezeka upya, na moto ni adui. Kwa jiko la nje sawa.

MkaziKilindoni
Basi naenda na msauzi geji 28, pesa ya vigae naiweka kwenye mbao. Fundi, nifungeje? Na nianzie ncha ipi?

FundiWaKusini
Mbao iliyooza itoke yote. Kila papi ifungwe kwenye kenchi kwa ukanda wa chuma, usitegemee msumari mmoja uliopigwa wima. Kenchi nazo zishikwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) kwa ukanda uleule, kwa kuwa paa lote linaweza kunyanyuka likiwa limeshikana vizuri. Papi za ukingoni zisogeze karibu karibu.

Bati lishike kwa skrubu zenye mpira, ni ngumu kung'oka kuliko misumari laini. Kaza mpaka mpira ukae vizuri, ukiona umefura na kutoka pembeni umezidisha na utavuja. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja mmoja wa bati, lakini kingo zote, ncha zote na chini ya kofia funga kila mgongo.

Anzia ncha ya kaskazini uje kusini. Hivyo kila bati linalolalia jingine mdomo wake unatazama kaskazini, na kusi ikivuma haipati pa kuingiza kidole. Sasa kofia: usiifunge kwenye bati tupu, skrubu zifike kwenye papi.

Mkiwa juu kanyageni palipo na papi tu, na mlaze ubao wa kutembelea. Ngazi ifungwe. Bati lililolowa na umande linateleza kuliko linavyoonekana, subirini jua likaushe. Upepo ukianza kuinua bati mkononi, shukeni, na mabaki yote ya chini myawekee mawe.

BintiPwani
Na kabla ya kupanda zima umeme kwenye swichi kubwa, waya wa kutoka kwenye nguzo ukiwa unapita karibu na kofia msiusogelee na bati refu.