Fraktali za miali na vichujio vya GIMP: kwa nini picha nzuri kwenye skrini huharibika ikichapwa kwa A2?

Mchanga wa Pangani (swali)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatengeneza sanaa dhahania kwa hatua mbili: kwanza ninazalisha fraktali za miali (maumbo yanayojirudia ndani yao wenyewe kwa udogo, yanayochorwa kwa fomula) kwa programu ya Apophysis, kisha ninaihamishia picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kuipitisha katika vichujio, hasa kile kinachokunja mstatili kuwa duara, kile cha kusokota, na kaleidoskopu. Mwenye mgahawa mmoja ameniagiza picha tatu za A2 za kutundika ukutani, na kazi hiyo imenifunulia matatizo ambayo skrini ilikuwa ikiyaficha.

La kwanza ni la ufundi. Picha yenye upana wa pikseli 1600 nilipoikuza na kuichapa kwa majaribio, sehemu zake za giza zilijaa chembechembe, na mandharinyuma, ambayo kwenye skrini hutoka bluu iliyokolea na kuishia nyeusi taratibu, yalikatika mikanda mikanda. La pili linanisumbua zaidi: baada ya vichujio kazi zangu zote hufanana, kiasi kwamba mteja aliziona mbili tofauti akadhani ni moja iliyobadilishwa rangi. Kompyuta yangu ni ya mpakato, ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya michoro ya pekee. Je, ninahitaji programu ya kulipia, au utaratibu wangu ndio wenye kasoro?

Fundi Nukta

Ndugu Mchanga, hela yako iache mfukoni kwanza. Chembechembe na mikanda ni vitu viwili vyenye sababu mbili, na vyote vinatibika kwa hivyo ulivyo navyo.

Chembechembe zinatokana na namna fraktali ya miali inavyochorwa. Tangu Scott Draves aibuni njia hii mwaka 1992, msingi wake ni uleule: kompyuta huchukua nukta moja, huchagua kwa bahati nasibu fomula moja kati ya zile ulizoziweka, huisogeza nukta kwa fomula hiyo, huweka alama pale ilipotua, na kurudia hivyo mara milioni nyingi. Mwangaza wa kila pikseli hukokotolewa kwa logi (hesabu inayobana namba kubwa) ya idadi ya nukta zilizotua hapo, na ni logi hiyo inayoziwezesha nyuzi hafifu kuonekana pamoja na kiini kinachowaka. Sehemu za giza ndizo zilizotembelewa mara chache, kwa hiyo bahati nasibu hujianika hapo. Ukitaka chembechembe zipungue kwa nusu, sampuli, yaani nukta zinazowekwa, zinapaswa kuongezwa mara nne, si mara mbili. Kuikuza picha ndani ya GIMP hakuongezi sampuli hata moja. Kunazitanua tu zile zilizopo. Rudi kwenye faili la vigezo la Apophysis, lenye fomula zako, weka ukubwa halisi wa kazi, pandisha thamani ya ubora, kisha iache mashine ihangaike usiku kucha. A2 kwa pikseli 300 kwa inchi ni 4961 kwa 7016, ilhali ile ya 1600 ilikuwa ikikupa chini ya pikseli 100 kwa inchi.

Mikanda ni habari nyingine. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na giza hutumia sehemu ndogo ya ngazi hizo. Tuseme bluu yako inaanzia 60 na kushuka hadi 0: hizo ni ngazi 61 zilizosambazwa juu ya pikseli 7016, yaani kila ngazi inachukua pikseli 115 hivi, ambazo kwenye karatasi ni mkanda wa karibu sentimita 1. GIMP, tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, huweza kufanya kazi kwa biti 16 au 32 kwa kila rangi. Fanya badiliko hilo kabla ya kichujio cha kwanza, hifadhi kwa PNG badala ya JPG, kisha nyunyiza chembechembe laini mno juu ya mandharinyuma ili kingo za mikanda zivunjike. (Ndiyo, nimetoka kukueleza namna ya kuziondoa, hizi ni za kukusudia.) Chunga RAM tu, kwani tabaka moja la A2 lenye biti 16 hula takriban megabaiti 280, kwa hiyo matabaka uliyokwisha kuyaamua yaunganishe.

Bi. Zamaradi

Upande wa mashine umeelezwa vya kutosha. Nitasema juu ya lile la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe.

Kazi zako zinafanana kwa sababu kichujio kizito hufuta kilichotangulia. Kaleidoskopu huchukua kabari moja ya picha na kuirudia kuzunguka kitovu. Jicho la mtazamaji hukamata ulinganifu huo kabla ya jambo jingine lolote, na umbo la fraktali lililokuwa chini yake halisikiki tena. Ndiyo maana kila kinachopita humo hutoka na sura ya ua la kitenge. Kitenge ni kizuri, lakini mwenye mgahawa angetaka kitenge angekwenda dukani.

Ningekushauri urudi kwenye kihariri cha pembetatu cha Apophysis. Kila pembetatu ni fomula moja. Ukiisogeza, ukiizungusha au ukiipunguza, nakala zote ndogo zilizomo ndani ya picha hubadilika kwa pamoja, jambo ambalo kichujio hakiliwezi kwa kuwa chenyewe huona pikseli tu. Nadhani wengi wetu hubofya orodha ya fraktali za nasibu mpaka moja itupendeze, huichukua ilivyo, halafu tukaanza kutafuta mkono wetu ndani ya vichujio. Jaribu kubakiza pembetatu mbili peke yake: ya kwanza ichore umbo dogo, ya pili iwe ya mstari (isiyopindisha umbo), iliyopunguzwa kidogo na kuzungushwa. Ukiizungusha ya pili kwa nyuzi 40, nakala tisa hukamilisha mzunguko mmoja na unaweza kuzihesabu kwa kidole. Ukiishusha hadi nyuzi 10, zinakuwa 36 na mzingo mzima unakaza kuelekea kitovu. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa, na hujagusa kichujio chochote.

Rangi nayo ianzie humo humo. Katika fraktali ya miali kila fomula ina mahali pake kwenye utepe wa rangi, na nukta hubeba wastani wa rangi za fomula ilizopitia, kwa hiyo ukiihamisha fomula moja kwenye utepe, sehemu zinazotokana nayo hubadilika zaidi kuliko nyingine. Kitelezi cha kubadilisha rangi cha GIMP husukuma rangi zote kwa mkupuo. Mteja wako hakukosea sana.

Kijana wa Matabaka

Naomba kutofautiana kidogo na Bi. Zamaradi, kwa heshima zote. Kaleidoskopu haina hatia endapo haitapewa picha nzima. Mimi hukitumia kichujio juu ya nakala ya tabaka, nikaiweka nakala hiyo katika hali ya kuchanganyika ya tofauti au ya skrini, nikaififisha hadi ionekane kwa asilimia 30 au 40 tu, kisha nikaifuta kwa barakoa (kifuniko cha kuficha sehemu za tabaka) mahali ambapo fraktali inajitosheleza. Hapo ulinganifu hubaki kama mwangwi nyuma ya umbo.

Yapo mambo mawili yatakayokukera ukifika kwenye ukubwa halisi. Kichujio cha kukunja mstatili kuwa duara hukutanisha ukingo wa kushoto na wa kulia, na usipoziandaa kingo hizo ziungane, mshono utaonekana ukitoka kitovuni kwenda juu; kipo kichujio cha kuifanya picha ijirudie bila mshono, kitangulize hicho. Jambo la pili ni kwamba vichujio vya kutia ukungu na kunoa hupimwa kwa pikseli. Ukungu wa nusu kipenyo 10 uliokupendeza kwenye rasimu ya pikseli 1600 unapaswa kuwa 31 hivi kwenye upana wa 4961, la sivyo utaona kana kwamba kichujio hakikufanya kazi. Ukiwa na GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, vichujio vingi hubaki vikiweza kurekebishwa baadaye, na hilo hupunguza maumivu.

Mchanga wa Pangani

Ninawashukuru nyote. Nimeanza na pembetatu mbili na tayari naona tofauti. Limebaki moja: bluu yangu inayong'aa ilitoka kwenye mtambo wa kuchapa ikiwa imefifia na kuelekea zambarau. Je, hilo nalo linatokana na biti?

Mzee wa Wino

Hapana, mwanangu, hilo ni la wino. Skrini hutoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, ilhali mtambo una sayani, majenta, njano na nyeusi, na bluu kali pamoja na kijani cha kuwaka ni kati ya rangi ambazo wino huo haufikii. Liombe duka la uchapaji wasifu wa rangi (faili linaloeleza rangi zinazoweza kutolewa) wa mtambo na karatasi watakayotumia, uuweke kwenye GIMP, na uwashe onyesho la awali la uchapaji huku ukifanya kazi, ili rangi uichague wewe badala ya kuchaguliwa na mtambo. Kisha kata kipande cha ukubwa wa A4 chenye bluu hiyo na giza lake, ukichape kwa kipimo halisi kwenye karatasi ileile kabla ya kulipia picha nzima.

Kuhusu ukubwa, Fundi Nukta amekupa kipimo cha kitabu kinachoshikwa mkononi. Picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mita 2 inakubali pikseli 150 hadi 200 kwa inchi bila mtu kugundua. Kwa 150, A2 ni pikseli 2480 kwa 3508, robo ya kazi kwa mashine yako. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia, na uzizalishe ndani ya Apophysis, usizitanue baadaye.