Kisima cha mita 500 Bamburi kwa maji ya moto ya dobi: kweli au nitapoteza pesa?

MamaDobi_Bamburi

Asalaam aleikum. Nina dobi hapa Bamburi, nafulia nyumba za wageni mashuka, taulo na vitambaa vya meza. Kwa siku natumia kama lita 2,000 za maji ya moto, nyuzi 60, na dizeli ya boila yanimaliza. Amenijia kijana na makaratasi yake, ataka tuchimbe kisima cha mita 500. Asema mchana paneli za jua zitachemsha maji, tuyapitishe chini yapashe mwamba, kisha usiku na siku za mvua tulivute lile joto. Tena asema chini kuna joto la asili kama la Olkaria, kule Naivasha kunakotolewa umeme wa mvuke wa ardhini, kwa hiyo tutatoa zaidi ya tulichoweka. Malipo ya kwanza ayataka mwezi huu. Wenye kujua, niambieni ukweli.

Mwana_Kisauni

Dada, Kenya ndiyo ya kwanza Afrika kwa umeme wa mvuke. Naivasha wameweza, sisi kwani ardhi yetu ina nini? Mimi ningejaribu.

Kekee

Wa aleikum salaam dada. Usitoe hata shilingi kabla hujasoma haya. Kazi yangu ni kuchimba visima, na kabla sijarudi pwani nilifanya kazi kwenye mitambo ya kuchimbia huko Olkaria.

Mwana Kisauni, ardhi si moja. Olkaria iko ndani ya Bonde la Ufa, ambako ukoko wa dunia umevutwa ukawa mwembamba na mawe yaliyoyeyuka yako karibu. Visima vya kule huteremka kama mita 3,000 na joto hupita nyuzi 300. Kisima kikifunguliwa kupimwa, mvuke hutoka kwa mlio ambao hata mwenzako akipiga kelele sikioni mwako humsikii, na harufu ya yai viza hukaa kwenye nguo hadi zifuliwe. Mtambo wa kwanza wa umeme uliwashwa 1981, megawati 15. Nimeyaona kwa macho yangu na nayaheshimu sana, ndiyo maana naudhika mtu akilitumia jina la Olkaria kuuza kisima Bamburi.

Hapa kwetu tumekalia mawe ya matumbawe ya kale, mbali na ufa. Ardhi ya kawaida huongeza nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Maji ya visima vyetu hutoka na nyuzi 27 au 28. Basi mita 500 zitakupa nyuzi 40 na kitu, tena chini kabisa. Warusi kule Kola walifika mita 12,262 wakakuta nyuzi 180 tu. Na Weggis, Uswisi, kipo kisima cha mita 2,300 hivi kilichotiwa bomba ndani ya bomba: maji hushuka pembeni na kupanda katikati. Chini kuna zaidi ya nyuzi 70, lakini yanayofika juu hayafiki 50. Mwamba hupitisha joto polepole mno. Ukilivuta, mawe yaliyo karibu na bomba hupoa na ya mbali hayawahi kuyafidia.

Joto linalopanda lenyewe kutoka chini, mahali pa kawaida, ni kama wati 65 kwa kila mita elfu moja za mraba. Ekari nzima haipati wati 300. Pasi yako moja ya umeme hula zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwa hiyo hayo ya "kutoa zaidi ya tulichoweka" yaondoe kichwani.

Ama kuweka akiba ya joto ardhini, hilo ni jambo la kweli na zuri. Kule Okotoks, Kanada, mwaka 2007 nyumba 52 ziliunganishwa na mashimo 144 ya mita 35 hivi. Jua la kiangazi lilizikwa humo, likatolewa wakati wa theluji. Mashimo yalikuwa mengi na yalisongamana kwa sababu joto hutorokea pembeni. Likiwa bonge kubwa la mwamba, sehemu inayovuja ni ndogo. Shimo moja refu ni kinyume chake kabisa, lote ni pembeni. Nao walikuwa na sababu: jua lao na baridi yao vimepishana miezi sita. Wewe jua unalo Januari na unalo Agosti. Unachohitaji ni akiba ya usiku mmoja au siku mbili za mawingu.

Halafu kuna maji ya chini. Teremsha kamba kwenye kisima chochote karibu na ufuo wakati wa bamvua, uangalie alama ya maji: bahari ikijaa yapanda, ikipwa yashuka. Matumbawe yana matundu na mapango, maji hupita ndani yake. Joto utakalolizika hapo litachukuliwa. Na jirani anayeteka maji hayo hayo ya chini atapata nini?

MamaDobi_Bamburi

Allah akuweke. Sasa nifanyeje na hii dizeli?

Fundi_Baridi

Mimi ni fundi wa viyoyozi Nyali. Lita 2,000 kutoka nyuzi 27 hadi 60 zahitaji kama yuniti 77 za joto kwa siku. Jua la hapa, paneli nzuri za kupasha maji za mita za mraba 30 hivi zitafika huko siku ya jua. Boila ibaki ya kusaidia. Kama ukuta wako umepakana na jengo lenye viyoyozi vikubwa, zungumza nao. Mashine ikivuta yuniti tatu za joto chumbani kwa yuniti moja ya umeme, nje hutupa nne, na zote hupotea hewani.

Kekee

Hapo fundi amesema. Pesa za mita 500 zinunue tangi la chuma lenye koti nene la kuhifadhi joto, liwe la lita 3,000 au 4,000. Kabla ya kununua paneli, mpandishe fundi darini aone kama mabati na mbao zitabeba uzito, na tangi lenyewe likae chini kwenye zege. Kisha pima wiki nzima ni lita ngapi hasa zinapita kwenye boila, uziandike hapa tukupigie hesabu upya. Na yule kijana akirudi, mwambie akuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya uchunguzi wa ardhi ya kiwanja chako.