Naomba muongozo: Count Basie wa miaka ya 1930, nianzie rekodi zipi?

Mpuliza Mluzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Nina swali kwa wapenzi wa muziki wa kale.

Mimi nimekulia kwenye dansi la nyumbani, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na kinachonimaliza ni pale saksafoni zinapojibizana na tarumbeta. Majuzi jamaa alinirushia "One O'Clock Jump" ya Count Basie, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani. Tangu hapo sina usingizi. Nikaingia mtandaoni kutafuta zaidi, na huko ndiko nilikochanganyikiwa: wimbo ni ule ule lakini naukuta wa aina nyingi, huu una kasi, ule umepoa, mwingine una mwangwi kama wamepigia ndani ya tangi la maji. Albamu nyingi zinajiita "nyimbo bora" na hazitaji mwaka wowote. Nimenunua moja ya bei chee, kumbe nusu yake ni bendi ya miaka ya 1950.

Mimi namtaka Basie wa mwanzo, mwenye mpiga saksafoni Lester Young. Nianzie wapi? Na mikwaruzo ile ndiyo hivyo tena, au zipo zilizosafishwa vizuri? Bajeti ndogo, bando la kuungaunga.

Kijana wa Magomeni

Mkuu usijitese. Chukua "The Atomic Mr. Basie", ile yenye picha ya mlipuko wa nyuklia kwenye jalada. Sauti safi, shaba (tarumbeta na trombone) zinakupasua kifua. Nyimbo za mikwaruzo waachie wazee.

Mzee wa Santuri

Kijana wa Magomeni, albamu hiyo hata mimi naipenda, ila umejibu swali ambalo hakuuliza. Ile ni ya 1957, na Lester Young aliondoka kwa Basie mwishoni mwa 1940. Isitoshe hizo ni bendi mbili tofauti. Ya kwanza ilisambaratika, Basie akaunda nyingine mwaka 1952, na hiyo ya pili iliegemea karatasi za wapangaji muziki kama Neal Hefti. Ya kwanza ilipiga kutoka kichwani. Pale Reno Club, Kansas City, mmoja anaanzisha kipande, wenzake wa saksafoni wanakidaka, shaba zinatafuta cha kuitikia, basi wimbo umepatikana. "One O'Clock Jump" ulizaliwa hivyo, na mpaka leo ukiusikiliza unasikia kwamba hakuna aliyeketi mezani kuuandika.

Sasa Mpuliza Mluzi, mdogo wangu, acha kutafuta kwa jina la wimbo, tafuta kwa tarehe. Huo uliokukosesha usingizi, kama ni wenyewe, ulirekodiwa Julai 7, 1937, kwa kampuni ya Decca. Ukawa wimbo wa utambulisho wa bendi, kwa hiyo Basie aliurudia studio na jukwaani kwa miongo. Ndiyo maana unaukuta kila kona.

Rekodi za Basie wa mwanzo ziko mafungu matatu. La kwanza ni dogo: Chicago, 1936, wapigaji watano, nyimbo nne, mbili kati ya hizo akaimba Jimmy Rushing. Zilitoka kwa jina la Jones-Smith Incorporated, maana Basie alikuwa ameshasaini Decca na jina lake lisingeweza kuonekana kwingine. Jones ni Jo Jones wa ngoma, Smith ni Carl Smith wa tarumbeta. Lester Young hakuwahi kurekodi kabla ya hapo. Sikiliza "Shoe Shine Boy" halafu uniambie kama huyo ni mtu anayeingia studio kwa mara ya kwanza.

La pili ni Decca, Januari 1937 hadi Februari 1939. Mkataba wenyewe ulikuwa wizi mtupu: pande 24 za santuri kwa dola 750, mrabaha hakuna. Lakini muziki! "Jumpin' at the Woodside", "Sent for You Yesterday", na "Blue and Sentimental" ambamo Herschel Evans anapiga saksafoni ya tenor kwa sauti nzito yenye joto. Evans na Young walikuwa wapinzani ndani ya bendi moja, mmoja mzito, mwingine mwepesi, na nusu ya raha ni kuwatofautisha. Evans alifariki Februari 1939, kwa hiyo Decca ndiyo mahali pa kuwasikia wote wawili.

La tatu ni baada ya kuhamia Columbia, 1939 na 1940: "Taxi War Dance", "Lester Leaps In".

Kama una hela ya kitu kimoja tu, tafuta "The Complete Decca Recordings", diski tatu, za kampuni ya GRP, 1992. Diski zenyewe ukizikosa, andika jina hilo hilo kamili kwenye programu unayosikilizia.

Wakili wa Mtaa

Niongeze kwa nini kuna takataka nyingi. Ulaya, rekodi zilizotoka kabla ya 1963 haki zake za kurekodi zimeshakwisha. Mtu yeyote anaweza kuchukua diski ya mwenzake, akanakili, akabandika jalada jipya, akauza, wala hahitaji kuonana na santuri yenyewe. Marekani ni tofauti, rekodi ya 1937 inalindwa miaka 100. Kwa hiyo jalada lisilotaja tarehe wala fundi aliyehamisha sauti, pita mbali.

Bi Tarumbeta

Mzee wa Santuri shikamoo. Mimi nizungumzie mikwaruzo, maana watu wanaiogopa bure.

Kaka Mpuliza Mluzi, zile ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lazima zichachatike kidogo. Anayesafisha kupita kiasi anakata sauti za juu, na huko juu ndiko yaliko matoazi ya Jo Jones. Yeye aliutoa mdundo kwenye ngoma kubwa akaupeleka kwenye yale matoazi mawili yanayofumba na kufumbua. Ukiyafuta, umeifuta bendi.

Mimi nina kipimo changu. Sikiliza gitaa la Freddie Green, halina umeme. Kama kwenye "Jumpin' at the Woodside" unalisikia likitembea na besi ya Walter Page, toleo hilo ni zuri. Kama kuna ukungu tu, achana nalo. Na pakiandikwa stereo kwenye rekodi ya 1938, ujue wamepaka rangi. Majina ya mafundi nayo yanasaidia: nikiona John R. T. Davies nanunua bila kuuliza.

Ukishazoea hizo, mtafute Bill Savory. Alikuwa fundi mitambo, akawa ananasa matangazo ya redio ya miaka ya 1930 kwenye sahani kubwa. Santuri ya kawaida ilikuwa inakatika kwenye dakika tatu, ila redioni Lester anapewa nafasi ya kupumua. Jumba la Makumbusho ya Jazi la Harlem lilizipata sahani hizo mwaka 2010, na sehemu ya Basie imeshatoka.

Mzee wa Santuri

Marahaba binti. Kipimo chako cha gitaa nakichukua, ila usikitumie kwenye kikao cha kwanza cha Decca, Januari 1937. Green alikuwa hajajiunga. Anayepiga gitaa pale ni Claude Williams.

Mpuliza Mluzi

Nimewasoma wote, shukrani. Naanza na zile nne za Chicago kwa sababu ya bando, Decca mwisho wa mwezi. Swali la nyongeza: nasikia Billie Holiday aliimba na bendi hii, mbona simwoni kwenye Decca?

Mzee wa Santuri

Hutamwona. Aliimba nao mwaka 1937 na mwanzoni mwa 1938, lakini mkataba wake ulikuwa kampuni nyingine, kwa hiyo hakuingia studio na bendi nzima. Kilichobaki ni matangazo ya redio, yakiwemo ya ukumbi wa dansi wa Savoy Ballroom, New York, Juni 30, 1937. Tafuta "Swing, Brother, Swing". Ukitaka kumsikia yeye na Lester studio, nenda kwenye rekodi za mpiga piano Teddy Wilson za mwaka 1937.

Kijana wa Magomeni

Haya wazee, nimesikiliza "Shoe Shine Boy". Nafuta kauli kuhusu mikwaruzo. Atomic sifuti.