Ule "enjenieri" wetu amefuta dmesg (orodha ya ujumbe wa keneli, ule moyo wa Linux) mbele ya bosi, akasema seva imepona!!!

Batu ba Goma, sitamutaja. Hakuna haja. Ule wa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ule anajibu simu kwa Kifaransa hata kama ni mama yake anapiga. Munamujua bote.

Leo seva ya kazini inakwama tangu asubui. Nikafungua terminali, nikapiga dmesg -T --level=err, ekrani ikajaa mustari moja tu: I/O error, dev sda. Tena. Tena. Inataja hata sekta! Si maoni yangu, ni keneli yenyewe inalia kwamba diski inakufa.

Bosi hakuniamini, juu mimi ni mutoto wa hapa hapa. Akamuita YEYE. Anaingia, hasalimie mutu. "Petit, acha wakubwa batumike." Akavuta klavye, akaandika:

sudo dmesg -C

Kisha akapiga dmesg. Hakuna kitu. Akageukia bosi: "Munaona, patroni? Makosa yote imeisha."

MAKOSA. YOTE. IMEISHA.

Ile -C inafuta bafa ya ujumbe wa keneli, ile inakaa kwenye memori, basi! Diski haina hata habari. Ni kupangusa damu kwa sakafu na kusema mugonjwa amepona. Na bosi akapiga makofi! Alipiga MAKOFI, ndugu zangu. Akatoa dola, tena zile safi zisizopasuka hata kidogo, zenye sijawahi kuona kwa mushahara wangu.

Mbele ya kutoka, ule "enjenieri" akapiga free -m (ile inaonyesha RAM), akaona safu ya free iko kidogo, akasema RAM imekwisha, tununue ingine, iko nayo ya kuuza. Na available, ile RAM yenye bado inaweza kutumika, iko kwenye mustari ule ule, inamuangalia!

Hajamaliza hata ngazi, I/O error ikaanza upya. Nikamuonyesha bosi. Munajua alisema nini? "Umegusa nini?"

Mimi! Nimegusa nini! "Makosa yote imeisha." Nitazikwa na hiyo sentensi.

Mwana_Himbi: Nimecheka mpaka bibi amekuja kuangalia ni nani ananiandikia. Ule namujua sana. Kwetu load average (hesabu ya kazi zenye zinatumika ao zinangoja) ilipanda mpaka 9 na CPU imelala, michakato imekwama kwa hali ya D inangoja diski. Yeye: "Ni virusi, patroni." Kwa Linux!

KaziNiKazi: Na wewe unalia bule. -C haigusi /var/log/kern.log wala jounali, kule ujumbe wa keneli unaandikwa pia. Ungepiga journalctl -k pale pale, mistari yote ingerudi mbele ya bosi. Ulikuwa unangoja nini, posho?

Mwenye uzi: KLAVYE ILIKUWA KWAKE. Ningepiga na meno?

KaziNiKazi: Wakubwa batumike, petit.

Mwenye uzi: Shetani wewe.

Mama_Kadutu: Nyinyi wa Goma muko na bahati, wenu anafuta mara moja anaenda. Huku Bukavu wetu aliweka kwenye cron (ile inapiga amri kwa saa yake) echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches KILA DAKIKA, eti anasafisha RAM. Ile inatupa nakala za diski zenye ziko kwa RAM, basi kila dakika hifadhidata inaanza kusoma diski tangu mwanzo. Na huyo tunamulipa kila mwezi!

Mwana_Himbi: Kila dakika?? Sasa mbona hamutoe ule mustari?

Mama_Kadutu: Neno la siri la root (mwenye mamlaka yote kwa seva) iko nalo yeye peke yake. Ni shemeji ya mukurugenzi.

Mwana_Himbi: Aah. Basi pole, mama.

Katuba_Moja: Bantu ba Kivu mnalia na dmesg, huku Lubumbashi umeme unakatika mbele keneli haijamaliza kuwaka. Nitasoma nini?

KaziNiKazi: Weka sola.

Katuba_Moja: Niliweka. Waliniuzia batri, wameandika juu 200Ah (eti kubwa!), naibeba kwa mukono moja nikiongea na simu.

KaziNiKazi: Kwa mukono moja 😂😂 Ilikuwa ya kwanza, ao ulirudia?

Katuba_Moja: Niliomba banibadilishie. Banipatia ingine, nyepesi zaidi.

Mama_Kadutu: Mimi ya kwangu ilivimba. Inazuia mlango wa kabati.

Sambaza_Kavu: Batri sina, lakini niko na inverta ya kilowati moja, ilitumika kidogo kwa saluni. Bei tunaongea kwa faragha.

Mwenye uzi: Hii ni uzi ya dmesg!!

Mama_Kadutu: Sambaza, inverta ni ya volti 12 ao 24?