Naomba ushauri: binti anatumikishwa nyumba ya jirani, nimsaidieje atoke na hatimaye ajitegemee?

Jirani wa Ukutani:

Wanajukwaa, salaam. Naleta kwenu jambo linalohitaji busara kuliko hasira, na hasira ninazo tele.

Katika nyumba inayopakana na yangu anaishi binti ambaye kwa kumkadiria ana miaka 12 au 13. Wenye nyumba husema ni mtoto wa ndugu yao aliyeletwa asome, lakini sijapata kumwona akienda shule hata mara moja. Kungali giza nasikia ndoo zake zikigonga ukuta wangu, na usiku, wageni wakishaaga, ndiye anayebaki kuosha vyombo. Sare za watoto wa nyumba hiyo, ambao mmoja wao ni rika lake, ndiye anayezifua na kuzipiga pasi. Viganja vyake vimepasuka kwa sabuni na dawa za kusafishia, na nikimsalimu huniitikia huku macho yake yakiwa mlangoni. Wenyewe wakitoka, geti hufungwa kwa ufunguo naye akiwa ndani.

Wazazi wake wako mbali, na wakipiga simu huzungumza naye mama mwenye nyumba akiwa amekaa hapohapo. Kuhusu ujira, nilimsikia mama huyo akimwambia mgeni wake kwamba haki ya binti "tunamtunzia, atapewa siku akiondoka".

Nimewaza kumchukua akae kwangu, maana chumba kipo, lakini mke wangu amenisihi nisikurupuke. Nahofia pia kwamba nikitoa taarifa atarudishwa kwao, kisha baada ya muda apelekwe nyumba nyingine iliyo mbaya kuliko hii. Nianzie wapi? Na akishatoka, ni mambo gani yanayofuata ili aweze kusimama mwenyewe, asiishi kwa huruma za watu maisha yake yote?

Baba Watatu:

Ndugu yangu, nia yako ni njema, ila naomba nikupunguze mwendo kidogo. Wengi wetu tumelelewa na shangazi au wajomba, tukachota maji, tukafagia na kulea wadogo zetu, na hakuna aliyetuita watumwa. Ukiingiza serikali katika nyumba ya watu kwa sababu ya ndoo na vyombo, unaweza kuvunja undugu na kumwacha mtoto bila paa. Una hakika gani kwamba kule alikotoka alikuwa na maisha bora kuliko haya?

Sheria Mkononi:

Baba Watatu, hoja yako inasikilizika, lakini haimhusu mtoto huyu. Mtoto anayefagia kwao, akala na wenzake na kwenda shule pamoja nao, analelewa. Huyu anafanya kazi ili wenzake waende shule, na hafungui daftari hata moja kwa ajili yake mwenyewe.

Mataifa yaliliona jambo hili zamani. Mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 wa kukomesha utumwa unataja waziwazi desturi ya mzazi au mlezi kumkabidhi mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa mtu mwingine ili atumikishwe, na unasema ni hivyo hivyo awe amelipwa kwa kumtoa au hakulipwa. Undugu, kwa hiyo, hauwi kinga. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 15, au 14 kwa nchi ambazo uchumi wake haujakomaa, na kazi nyepesi chini ya hapo huruhusiwa tu pale isipoathiri afya wala masomo. Halafu upo Mkataba namba 182 wa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya kabisa za kazi kwa watoto, ambao kufikia mwaka 2020 ulikuwa umeridhiwa na nchi zote 187 wanachama wa shirika hilo. Pendekezo linaloandamana nao linataja, miongoni mwa kazi za hatari, kazi ya saa nyingi, kazi ya usiku, na ile ambayo mtoto hufungiwa katika eneo la mwajiri bila sababu ya haki. Mleta uzi, rejea ulichoandika kuhusu geti.

Kuhusu kumchukua kwako kimyakimya, usithubutu. Mwenye nyumba akienda polisi kulalamika kwamba umemteka mtoto, wewe ndiye utakayejieleza, na binti atarudishwa kulekule akiwa na deni la adhabu.

Afisa Mstaafu:

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hadi kustaafu, na nitasema yale ambayo hushughulikiwa vibaya mara nyingi.

Ndugu Jirani, wewe si mpelelezi. Kazi yako ni kuona, kuandika, na kufikisha taarifa kwa wenye mamlaka. Andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho yako, bila kuongeza neno la kudhani. Taarifa inayosema "nilimsikia akifua saa kumi alfajiri, geti likiwa limefungwa kwa nje" hubeba uzito ambao "wanamtesa" haina. Usimpige picha, na usisimulie habari zake kwa majirani wengine, kwa sababu zikimfikia mwenye nyumba mapema, binti anaweza kuhamishwa usiku mmoja na tusijue alikopelekwa.

Taarifa ipeleke ofisi ya ustawi wa jamii au kitengo cha polisi kinachoshughulikia watoto. Nchi nyingi zina simu ya bure ya msaada kwa watoto: kadhaa barani Afrika hutumia namba 116, na nyingi za Ulaya hutumia 116111. Hata hivyo, ukiona damu, ukisikia kipigo, au akikuambia ameingiliwa kimwili, usisubiri kukamilisha maandishi. Piga simu ya dharura wakati huohuo. Katika jambo hilo la mwisho afikishwe hospitalini mapema iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na nguo alizovaa zisifuliwe. Wala asiulizwe na kila mtu. Asimulie mara moja, kwa mtu aliyefunzwa kumsikiliza.

Ukipata nafasi ya kuzungumza naye, iwe fupi na isiyovuta macho ya watu. Usimwahidi kwamba utamtoa, wala usimwahidi kwamba utafanya siri. Mwambie unamwona, kwamba aliyotendewa si kosa lake, na muulize yeye mwenyewe anaogopa nini zaidi. Majibu ya swali hilo hunishangaza hadi leo: mmoja huogopa kipigo, mwingine huogopa kwamba mdogo wake ataletwa kuziba pengo lake.

Sasa hofu yako ya kurudishwa kwao. Ni hofu ya haki kabisa. Kumpandisha mtoto basi na kumkabidhi kwa wazazi bila kuijua sababu iliyomtoa nyumbani ni kumwandalia safari ya pili. Kabla ya kumrejesha, ofisa anapaswa kufika kwao, kujua kama ni ufukara, uyatima, mama wa kambo, au madalali wa watoto wanaopita na ahadi za shule, kisha kushughulikia hilo kwanza. Kule Nepal palikuwa na desturi ya kuwatoa mabinti wadogo wa jamii ya Tharu kwenda kutumika majumbani kwa mkataba wa mwaka, nao waliitwa kamlari. Shirika moja lilianza mwaka 2000 kuzipa familia mtoto wa nguruwe au mbuzi ili thamani ya mnyama akishakua ifidie ujira uliopotea, na likalipia masomo ya binti aliyebaki nyumbani au kurejea. Serikali ilitangaza kuifuta desturi hiyo mwaka 2013, lakini kazi ilikuwa imeanza kwenye zizi la familia muda mrefu kabla ya tangazo.

Niliyepita Huko:

Nimesoma yote na nimeamua kuandika, ingawa si kawaida yangu. Niliingia nyumba ya watu nikiwa na miaka tisa na nikatoka nikiwa msichana mkubwa, hivyo niruhusuni nizungumzie kile kinachokuja baada ya mlango kufunguliwa, kwa sababu hapo ndipo wasaidizi wengi huchoka.

Nilipotolewa nilipelekwa makazi salama. Siku nilipopelekwa kununuliwa viatu, mlezi aliniuliza navaa namba ngapi nami sikujua, maana tangu utotoni nilikuwa nikivaa vilivyoachwa na watoto wa nyumba. Akaniuliza rangi, nikajibu "yoyote". Alisubiri. Hakunichagulia, hakunikemea, alisimama pale mpaka nikaonyesha kwa kidole. Watu wakiniuliza elimu yangu ya kujitegemea ilianzia wapi, nawatajia duka lile kabla ya cheti changu.

Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto aliyezoea kuamriwa kuanzia alfajiri hadi usiku atautii hata wema wako. Mkimwambia ashone, atashona. Mkimwambia asome, atakaa darasani. Na mtafurahi kwamba ana adabu, kumbe amebadilisha tu bwana. Mwacheni akatae mambo madogo. Msimwamshe kabla ya wengine, na akianza kuosha vyombo vya makazi yote bila kuombwa, msimsifu kupita kiasi. Tena, usiku ataota, atalia bila sababu mnayoiona, na pengine ataiba chakula na kukificha chini ya godoro. Hiyo si tabia mbaya. Ni mtu asiyejua kama kesho atakula.

Na jambo ambalo halisemwi: nilimkumbuka mtoto mchanga wa ile nyumba. Nilimlea mgongoni, na nilipoondoka sikuruhusiwa kumuaga. Mkimsikia binti akiuliza habari za nyumba ile, msidhani kwamba anataka kurudi utumwani.

Jirani wa Ukutani:

Ahsanteni sana. Dada uliyepita huko, maneno yako nimeyasoma pamoja na mke wangu, na tumekubaliana kwamba hatutamchukua. Nimeanza kuandika kama Afisa alivyoelekeza, na nimekwenda kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye ameniomba nisimwambie mtu zaidi mpaka wao wafike. Naomba sasa nielekezwe kuhusu masomo au ufundi. Je, kwa umri huo arudi darasa la kwanza akae na watoto wa miaka saba?

Fundi Mwalimu:

Hapana, kama kuna njia nyingine. Mtoto wa miaka 13 akiketishwa na wadogo atatoroka kwa aibu. Ulizieni madarasa ya kufidia, yaani yale yanayobana mtaala wa miaka kadhaa ya msingi katika muda mfupi, kisha aungane na wenzake katika ngazi inayomfaa. Lakini kabla ya hilo hakikisheni cheti cha kuzaliwa. Wengi wa watoto hawa hawana, na bila hicho mitihani, kitambulisho na akaunti ya benki vyote hukwama baadaye.

Ufundi usubiri umri wake, na ukifika, tafadhalini msimpeleke kushona kwa sababu tu mradi una vyerehani. Nimefundisha cherehani, naijua kazi hiyo na naipenda, lakini nimeona darasa zima la mabinti likihitimu pamoja katika mji mmoja usioweza kuwalisha mafundi wapya watano. Angalieni soko linataka nini, na aone kazi tofauti kwa macho yake kabla ya kuchagua: umeme wa majumbani, ufundi wa simu, uokaji, kilimo cha mboga, hesabu za duka. Akichagua kupika au kulea watoto akishatimiza umri, msimzuie kwa huzuni yenu. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaitambua kazi ya nyumbani kuwa kazi kama nyingine, yenye saa za mapumziko na masharti yanayoeleweka, na aliyeijua kwa mateso anaweza kuifanya kwa heshima na malipo akitaka mwenyewe.

Fedha afundishwe kwa fedha. Apewe kiasi kidogo kila wiki, akitumie, kiishe, ajue kilikokwenda, kisha aingie kikundi cha kuweka na kukopa akiwa na mtu mzima wa kumshauri. Na afundishwe kukataa, kwa sababu akianza kupata kipato ndugu waliomsahau watamkumbuka.

Baba Watatu:

Nimekuelewa, Sheria, ingawa bado nasema wenye nyumba wasikilizwe. Swali langu ni moja: ule ujira "uliotunzwa" utapatikana vipi? Binti hana mkataba, hana shahidi.

Sheria Mkononi:

Wasikilizwe, ndiyo, na ofisa, si na sisi. Kuhusu ujira, kukosa karatasi hakufuti deni. Katika nchi nyingi mkataba wa mdomo ni mkataba, na umri mdogo wa mfanyakazi humwongezea mwajiri lawama badala ya kumpunguzia deni. Ushahidi upo mwingi kuliko watu wanavyodhani: majirani waliomwona akifanya kazi, ujumbe wa simu kati ya mwenye nyumba na wazazi, rekodi za kutuma fedha kama zilitumwa, na kauli kama ile uliyoisikia mwenyewe, ndugu Jirani, ambayo ni kukiri kwamba kuna fedha yake mikononi mwao. Iandike leo, pamoja na jina la mgeni aliyekuwepo.

Ofisi ya kazi au wanasheria wa msaada wa bure wanaweza kudai kiwango cha chini cha kisheria kwa muda wote aliofanya kazi. Ila angalieni mambo mawili. Madai ya ujira yasikubaliwe kuwa fidia ya kufuta kesi ya jinai. Wenye nyumba wengi watakuja na bahasha na maneno ya "tuyamalize kifamilia", na wazazi walio na njaa watasaini. Pili, fedha ikipatikana iwekwe kwenye akaunti yenye jina la binti, chini ya usimamizi wa mahakama au ustawi wa jamii mpaka atimize umri, na mzazi asiweze kuichukua peke yake. Muulize ofisa wako mapema kama utaratibu huo upo kwenu, kabla siku ya bahasha haijafika.