Maumivu sugu ya nyonga kwa wanaume: je, tiba isiyo dawa ni lazima ipimwe dhidi ya tiba bandia?

Mtoa mada: Mwanaume anaumwa msamba, korodani na chini ya kitovu zaidi ya miezi mitatu. Mkojo umeoteshwa maabara, hamna bakteria. Antibiotiki kameza hadi kachoka. Sasa anaambiwa ajaribu akyupancha (kuchomwa sindano nyembamba kwenye nukta maalumu za mwili), mawimbi ya mshtuko au kuchuliwa misuli ya sakafu ya nyonga. Msimamo wangu: jaribio lisilo na kundi la tiba bandia, yaani wanaopewa tiba ya kuigiza bila kujua, lisitumike kumshauri mgonjwa. Kipimo chenyewe ni dodoso la dalili liitwalo NIH-CPSI, alama 0 hadi 43, zikipanda hali ni mbaya zaidi, na anayejaza ni mgonjwa mwenyewe. Akijua kapewa kitu kipya, atajaza kwa huruma.

Mfiziotherapia: Kwa mawimbi nakuunga mkono, mkuu. Jaribio la 2009 lilikuwa na wanaume 60, mipigo 3,000 msambani, mara moja kwa wiki, wiki 4. Kundi bandia liliwekewa kichwa kile kile cha mashine, ila kimetandazwa vipovu vya hewa vinavyomeza wimbi. Safi kabisa. Lakini kuchua utaigiza vipi? Kidole chenye glavu kinaingia njia ya haja kubwa, kinatafuta fundo kwenye msuli, kinaligandamiza mpaka lilegee. Ukigandamiza pembeni kidogo, bado umegusa msuli. Na mchuaji anajua anachofanya. Uso wake tu unamsaliti.

Mtoa mada: Marekani walilinganisha kuchua huko na masaji ya mwili mzima, saa moja kwa wiki, vikao hadi 10. Waliopata nafuu ni asilimia 57 dhidi ya 21.

Mtakwimu: Hao walikuwa watu 47, na nusu ni wanawake. Kwa wanaume peke yao hapo huna kitu cha kushika. Tazama akyupancha China, 2021: wanaume 440, vikao 20 ndani ya wiki 8. Aliyehesabiwa kapona kiasi ni aliyeshuka alama 6 au zaidi. Sindano halisi asilimia 60.6, bandia 36.8. Yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu kapata nafuu kwa sindano zilizochomwa juu juu, nje ya nukta zake. Bila kundi hilo, nafuu yote ingeandikwa jina la sindano.

Mfiziotherapia: Au huko kuchomwa juu juu nako ni tiba, na tofauti halisi imefichwa.

Mtakwimu: Inawezekana, lakini hata hivyo sitaki badala yake kundi la orodha ya kusubiri, lisilopewa tiba yoyote kwanza: anayesubiri hukata tamaa, na tiba hung'aa bure. Tena watu hujiandikisha maumivu yakiwa kileleni, halafu hushuka yenyewe. Jazisha dodoso mara mbili kabla ya kugawa makundi. Kwenye kuchua, linganisha na masaji yenye muda ule ule, anayekusanya alama asijue makundi, na kikao cha tatu muulize mgonjwa anadhani yuko kundi gani. Wengi wakipatia, matokeo yasomwe kwa shaka.

Mfiziotherapia: Cha tatu ni mapema mno. Fundo likianza kulegea atapatia kwa sababu anapona, si kwa sababu siri imevuja. Muulize baada ya kikao cha kwanza.